MSHIPA USIO MSHIPA: Juu ya Rasimu ya Kijitabu cha Kasoro ya Moyo

Imetufikia mezani, kwa madhumuni ya kukaguliwa lugha yake, rasimu ya kijitabu kilichokusudiwa wazazi wa watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo iitwayo kasoro ya Ebstein. Walioifasiri ni wataalamu wa tiba, na hatutawataja, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno wala si watu. Tuseme tangu mwanzo kwamba elimu iliyomo ni sahihi. Tumeilinganisha na maelezo ya mabingwa na hatukuona kosa la tiba. Makosa yaliyomo ni ya lugha, na baadhi yake ni makosa yetu sisi wenyewe tuliokaa kwenye meza hii ya istilahi, kama itakavyoonekana mbele.

Tuanze na sentensi moja, ambayo kwa maoni yetu inabeba tatizo zima. Katika sura ya matibabu rasimu yasema: "Mrija utapitishwa katika mshipa wa kinena mpaka kwenye mshipa wa ziada wa umeme, kisha mshipa huo utachomwa."

Msomaji aisome sentensi hiyo tena kwa masikio ya mzazi. Mshipa wa kwanza ni mshipa wa damu, ule wa vena upitao penye paja. Mshipa wa pili si wa damu, wala si neva, wala si ukano. Ni kipande chembamba cha msuli wa moyo wenyewe kinachopitisha umeme mahali pasipotakiwa. "Mshipa huo" ni upi kati ya hiyo miwili? Sarufi yasema ni wa karibu, yaani wa pili. Lakini mzazi aliyeshikwa na hofu hafuati sarufi. Na zaidi ya hayo, neno mshipa likikaa jirani na neno kinena, Mswahili wa kawaida haoni damu wala umeme, bali huona ngiri. Mzee akisema anasumbuliwa na mshipa, hakuna amwulizaye ni mshipa gani.

Hatukutaka kuyasema haya kwa kubuni. Tuliichukua rasimu tukaisoma kwa sauti mbele ya watu 9 waliokubali kutusikiliza, wake kwa waume, wengi wao wakiwa wazazi au walezi. Tulipofika kwenye sentensi hiyo, bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kiume alituzuia kwa mkono. "Wanangu," alisema, "huyo mtoto mkishamchoma mshipa wa kinena, atakuja kuzaa?" Tulipomweleza kwamba kinachounguzwa kimo ndani ya moyo na kwamba kinena ni mlango wa kuingilia tu, alitutazama kwa muda kisha akasema kwamba kama ingekuwa ni mjukuu wake, na karatasi ndiyo hiyo, asingetia dole gumba. Yafaa tuyapime maneno hayo vizuri. Bibi huyo hakuwa na ukaidi wala hakuikataa tiba. Alikataa tiba nyingine kabisa, ambayo hakuna daktari aliyeikusudia, na ambayo iliumbwa na neno letu.

Twasema neno letu kwa sababu "mshipa wa umeme" halikubuniwa na wafasiri hawa. Walilikuta katika orodha ya zamani iliyopita mezani petu, ambamo mfumo wote wa kupitisha umeme moyoni ulipewa jina la mishipa ya umeme. Wakati huo ilionekana ni busara, kwani neno mshipa lilikuwa tayari limebeba mambo mengi, na kuongeza moja hakukuonekana ni dhambi. Lakini neno hilo ni kama punda wa kijiji, kila mwenye mzigo humpandishia. Kuna mshipa wa damu, na kuna mshipa wa fahamu, ambao vitabu vya shule sasa vyaita neva. Kuna mishipa ya shingo inayomtoka mtu anapobishana, na kuna mshipa wa aibu, ambao mtu akikatika huanza kusema mbele ya wakwe mambo yasiyosemeka. Kuna ngiri. Matumizi yote hayo ni halali na ni utajiri wa lugha. Bali istilahi haiwezi kuishi juu ya utajiri wa namna hiyo.

Kabla ya kutoa pendekezo hatuna budi kueleza jambo lenyewe lilivyo, maana si kila msomaji wetu aliyesoma elimu ya viungo.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Kati ya vya juu na vya chini mna vali, ambazo kazi yake ni kuiruhusu damu ishuke na kuizuia isipande. Vali ya upande wa kulia ina sehemu tatu zinazofunguka na kufunga. Mwaka 1866, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, daktari Wilhelm Ebstein alieleza alichokikuta katika moyo wa kijana mfanyakazi aliyefariki akiwa na umri wa miaka 19. Vali ya kulia haikuwa imeshikizwa mahali pake. Ilikuwa imeshuka chini, ndani ya chumba cha chini. Kwa mfano wa nyumba zetu za mwambao, ni kana kwamba fundi hakuutia mlango penye kizingiti bali aliutia hatua kadhaa ndani ya chumba, hata nusu ya chumba ikawa sehemu ya ukumbi. Chumba kilichobaki ni kidogo na hakiwezi kusukuma damu ipasavyo. Mlango wenyewe haufungi vyema, damu yarudi juu, na chumba cha juu chatanuka. Aghalabu pia mna tundu kati ya vyumba viwili vya juu, na kwa tundu hilo damu isiyosafishwa huvuka upande wa pili, na mtoto huonekana ana midomo ya rangi ya buluu. Kasoro hii ni nadra. Hukadiriwa kutokea kwa mtoto mmoja hivi katika kila 20,000 wanaozaliwa.

Hilo ndilo jambo la umbo. Sasa jambo la umeme.

Pigo la moyo huanzia kwenye sehemu ndogo iliyo juu ya chumba cha juu cha kulia. Kutoka hapo umeme huenea katika vyumba vya juu, lakini hauwezi kushuka ovyo katika vyumba vya chini, kwa sababu kati yake mna pete ya tishu ngumu, mfano wa ukano, ambayo ni kihami. Mna lango moja tu. Katika lango hilo umeme hucheleweshwa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu kabla ya vya chini kukaza. Lango hilo na njia zitokazo humo zilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1906 na Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti huko Marburg, Ujerumani.

Watu wengine huzaliwa na kipande cha msuli kinachovuka kihami hicho mahali penginepo, pasipo na lango wala uchelewesho. Umeme hupita huko ukawahi kufika chini kabla ya wakati. Tena huweza kushuka kwa lango na kupanda kwa njia ile nyingine, ukazunguka na kuzunguka, na moyo ukapiga mara 200 kwa dakika na hata zaidi, ghafla, kisha ukaacha ghafla. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1930 na madaktari watatu, Louis Wolff na Paul Dudley White wa Boston pamoja na John Parkinson wa London, waliokusanya habari za wagonjwa 11 ambao wengi wao walikuwa vijana wenye afya. (Mwaka uleule wa 1930 ndipo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi. Twalitaja kwa udadisi tu.) Kwamba kipande hicho cha msuli kipo kweli, na ndicho chenye kosa, kulithibitishwa kwa kisu. Mwezi Mei 1968, katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, mpasuaji Will Sealy alikikata katika moyo wa mvuvi mmoja, na alama yake ikatoweka kwenye picha ya umeme wa moyo. Siku hizi hakuna haja ya kupasua kifua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi hiyo hufanywa kwa mrija mwembamba upitishwao kwenye vena, ambao ncha yake hupashwa joto kwa umeme wa mawimbi ya redio.

Mambo hayo mawili yana uhusiano, na hapa ndipo rasimu inapokosea jambo kubwa zaidi kuliko mshipa. Miongoni mwa watu wenye kasoro ya Ebstein, kati ya 10 na 30 katika kila 100 wana njia hizo za umeme, na baadhi yao wana zaidi ya moja. Si bahati mbaya mbili zilizokutana katika kifua kimoja. Njia hizo aghalabu hupatikana palepale penye ukingo wa vali iliyoshuka, mahali ambapo pete ya kihami haikukamilika. Yaani fundi aliyekosea kuutia mlango ndiye huyohuyo aliyeacha ufa ukutani. Lakini rasimu imeweka sura ya tatu, "Ugonjwa wa Vali", na sura ya sita, "Hitilafu ya Umeme wa Moyo", bila ya neno hata moja la kuziunganisha. Istilahi za sura ya tatu ni za Kilatini kilichovikwa kanzu, na za sura ya sita ni za karakana ya fundi umeme. Mzazi akimaliza kusoma huamini kwamba mwanawe ana maradhi mawili, na mmoja wa wasikilizaji wetu alisema hivyo hasa: "Maskini, la kwanza halijapoa limekuja la pili."

Tunaona chanzo chake. Ebstein aliona umbo tu, kwa kuwa wakati wake hapakuwa na chombo cha kupimia umeme wa moyo. Wolff na wenzake waliona umeme tu, juu ya karatasi. Majina ya kitaalamu yakabaki yamegawanyika kwa mujibu wa vyombo vilivyotumika, si kwa mujibu wa moyo. Wenye lugha zilizokwisha kuandika wamefungwa na historia hiyo. Sisi tunaoandika sasa hatukulazimishwa kuurithi mgawanyiko wao.

Hebu tulitazame neno hitilafu. Ni neno zuri na la kale, na maana yake ya asili ni tofauti au kutopatana. Lakini gazeti gani lisiloandika, kila nyumba inapoungua, kwamba chanzo cha moto kinahofiwa kuwa ni hitilafu ya umeme? Maneno hayo mawili yameolewa. Yakitajwa pamoja, msikilizaji huona waya uliochunika na paa linalowaka. Tuliposoma kichwa cha sura ya sita tuliulizwa maswali matatu mfululizo: kama mtoto huyo anaweza kuogeshwa kwa maji, kama anayemshika hupigwa shoti, na kama umeme ukikatika mtaani naye huathirika. Swali la mwisho lilitolewa kwa mzaha na wote wakacheka. Yale mawili ya kwanza hayakuwa ya mzaha. Mama aliyeuliza habari ya kuogesha aliuliza kwa sauti ya chini, na akarudia kuuliza baada ya kikao. Sisi hatupendekezi kuliacha neno umeme, kwani ndilo lenyewe na hakuna jingine. Twapendekeza litanguliwe na maelezo ya mistari miwili kwamba umeme huu ni mdogo mno, unatengenezwa na mwili wa kila mtu, wala haumdhuru anayemgusa. Na hitilafu iachwe. Kasoro yatosha kwa yote mawili, la umbo na la umeme, na kwa kulitumia neno lilelile katika sura zote mbili udugu wake utaonekana bila ya hotuba. Tena kasoro lina upole fulani. Tukisema saa tatu kasoro robo hatuilaumu saa.

Juu ya mshtuko twasema kwa ufupi, ingawa kosa lake ni la kutisha. Rasimu yasema kwamba mtoto aliyezidiwa na mbio za moyo "hupewa mshtuko wa moyo hospitalini". Kwa wasomaji wa magazeti mshtuko wa moyo ndio ule unaoua watu wazima kwa ghafla. Hospitali haiwezi kuahidi kumpa mtoto wa mtu jambo hilo. Twapendekeza kitenzi kugutusha: moyo hugutushwa kwa umeme, kama mtu agutushwavyo usingizini, na tendo lenyewe liitwe mgutusho.

Kuna maneno mengine ambayo wafasiri wameyahamisha mzimamzima. Vali ya kulia imeitwa "vali ya majani matatu", kwa kuwa ndivyo wenye lugha wanayotafsiri wanavyoziona zile sehemu zake. Lakini kwetu majani hupikwa chai au hulishwa mbuzi. Ndimi ni neno bora, kwani ulimi ni kitu chembamba, hai, kinachonyanyuka na kulala: vali ya ndimi tatu. Sehemu ya chumba cha chini iliyobaki juu ya vali iliyoshuka imeitwa "ventrikali iliyofanywa atria", maneno ambayo tuliyasoma mara tatu na kila mara tulijiona wajinga. Kwa nini isisemwe ni sehemu ya chumba cha chini iliyomezwa na chumba cha juu? Ni maneno marefu zaidi, lakini yanaeleweka mara ya kwanza. Na ile sehemu inayoanzisha pigo imeitwa "fundo la moyo". Hapa twashangaa kidogo kwamba hakuna aliyeshtuka. Mwenye fundo moyoni ni mwenye kinyongo. Mama akiambiwa kwamba pigo la mwanawe laanzia kwenye fundo la moyo, atajiuliza mtoto mchanga kamkasirikia nani. Iitwe kianzio cha mapigo, na lile la katikati liitwe lango, kama tulivyokwisha kuliita hapo juu bila ya mtu kupotea.

Neno jingine linalotaka uangalifu ni kurithi. Rasimu yatumia "kasoro ya kurithi" na "kasoro ya kuzaliwa nayo" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Wengi wa watoto wenye kasoro ya Ebstein huzaliwa katika familia ambazo hazijapata kuwa nayo. Mwenye kulifahamu jambo hili hana haja ya kuelezwa ni nini hufuata katika ukoo mtoto mgonjwa anaposemwa kuwa amerithi. Swali la "kwa nani?" huulizwa kabla ya jua kuchwa, na jibu lake mara nyingi huelekezwa kwao mama. Hapa hatupendekezi bali twasisitiza: neno kurithi lifutwe katika kurasa zote lilimoandikwa.

Sasa turudi kwenye ile njia.

Rasimu ina majina manne kwa kitu kimoja: mshipa wa ziada, fungu la Kent, njia ya mchepuko, na mkondo haramu. Fungu la Kent ni ukumbusho wa Stanley Kent, Mwingereza aliyeandika mwaka 1893 juu ya nyuzi za msuli ziunganishazo vyumba vya juu na vya chini, naye alidhani ni za kawaida kwa kila moyo. Kwa hiyo jina lake limebandikwa kwenye jambo ambalo hakulielewa hivyo, na fungu kwetu ni la nyanya sokoni. Mkondo haramu halifai, kwani mtoto hakutenda dhambi. Njia ya mchepuko lingefaa sana miaka ishirini iliyopita. Ni neno la wajenzi wa barabara na maana yake ni sahihi kabisa. Lakini tangu vijana walipompa jina hilo mpenzi wa nje ya ndoa, haliwezi kusomwa mbele ya watu. Tulilijaribu. Ukumbi ulicheka hata tukalazimika kungoja.

Katika kicheko hicho ndipo alipozungumza dereva mmoja wa lori, mtu mzima, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akienda Tunduma. Alisema, "Ndugu zangu, mbona mnazunguka? Hiyo si ni njia ya panya?" Akaendelea kueleza. Mpakani mna lango moja, na magari hupanga foleni, hukaguliwa, huchelewa. Lakini wako wapitao porini usiku, bila ya lango, nao huwahi kufika. Na mwenye kuijua njia hiyo anaweza kutoka kwa lango na kurudi kwa njia ya panya, akazunguka mchana kutwa. Kwa muda usiozidi dakika mbili alikuwa amewaeleza wenzake jambo ambalo sura nzima ya sita ilishindwa kulieleza. Yule bibi wa mjukuu akatikisa kichwa kukubali na kusema, "Kumbe hiyo ndiyo ya kuziba."

Tulirudi ofisini tukiwa na furaha, kisha tukaanza kubishana. Wenzetu wawili walitaka njia ya panya liwe istilahi, na hoja yao ilikuwa kwamba istilahi inayoeleweka bila ya mwalimu ni zawadi. Sisi tulio wengi tulipinga, si bila ya majuto. Kwanza, njia ya panya ni ya magendo. Mwenye nayo ni mhalifu, na tumekwisha kulikataa neno haramu kwa sababu hiyohiyo. Pili, mzazi atakayeandikiwa kwenye cheti kwamba mwanawe ana njia ya panya moyoni, na cheti hicho kikasomwa na mwalimu wa shule, ataona haya. Mfano na istilahi ni vitu viwili. Mfano husemwa ukaisha, lakini istilahi huandikwa kwenye faili la mgonjwa ikabaki.

Uamuzi wetu ni kijia cha ziada, wingi wake vijia vya ziada. Tulifikiria pia ujia, neno linalotumika kwa nafasi nyembamba ipitayo kati ya nyumba na nyumba, na kwa maana lingefaa zaidi. Lakini wingi wake huangukia kwenye njia, na njia ndilo jina la njia halali itokayo langoni. Kijia hakina taabu hiyo. Neno ziada lina harufu ya faida, kama ziada ya mavuno, na mmoja wetu bado halipendi. Lakini hatukupata lililo bora. Na katika kijitabu, palipo na maelezo, mfano wa dereva wa Tunduma uandikwe wote, kwa maneno yake, kisha isemwe: njia hiyo katika moyo huitwa kijia cha ziada, nacho ni msuli, si mshipa.

Ile sentensi ya matibabu basi itasomeka hivi: "Daktari ataingiza mrija mwembamba kwenye vena iliyo karibu na paja na kuusogeza mpaka moyoni. Ncha ya mrija itakiunguza kijia cha ziada ili kisipitishe umeme tena. Vena haiunguzwi." Tumetumia kuunguza badala ya kuchoma kwa sababu kuchoma hospitalini ni kuchoma sindano, na wasikilizaji wetu watatu walidhani mtoto atadungwa sindano ya moyo. Sentensi ya mwisho, fupi kama ilivyo, haimo katika maandishi asili. Tuliiongeza kwa ajili ya bibi.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuthubutu kuliamua peke yetu. Mwishoni mwa kijitabu mna kadi ndogo ya kukatwa na kubebwa na mgonjwa. Makusudio yake ni kumwonya mganga yeyote atakayempokea akiwa na mbio za moyo zisizo na mpangilio. Dawa fulani, mathalani verapamili na digoksini, hulipunguza kasi lango, na kwa mwenye kijia cha ziada hatari yake ni kubwa, kwani lango likizuiwa umeme wote waweza kumiminika kwa kijia na moyo ukashindwa kabisa kupiga. Rasimu imeandika: "Asipewe dawa za kupunguza mapigo." Maneno hayo ni mapana kupita kiasi, kwa sababu zipo dawa nyingine za kutuliza mapigo ambazo anazihitaji. Mganga wa zahanati akiyatii barua kwa barua atamwacha mgonjwa bila ya msaada. Tumependekeza "dawa zinazozuia lango la moyo", zikifuatiwa na majina ya dawa zenyewe, na tumewarudishia madaktari waamue kama lango peke yake litatambulikana na mganga asiyekisoma kijitabu. Hadi tunapoandika hatujapata jibu, na kwa hiyo kadi haijaidhinishwa.

Mwisho twawaomba wasomaji msaada. Kiswahili kina maneno mengi ya moyo unaokwenda mbio: hudunda, hupwita, hupapa. Kamusi zina pia kiherehere cha moyo, neno ambalo lingetufaa lau watu wa siku hizi wasingelitumia kwa mtu ajitiaye katika yasiyomhusu. Lakini hatuna neno moja la moyo unaoanza mbio ghafla bila ya sababu na kuacha ghafla, kama taa iliyowashwa na kuzimwa, na hiyo ndiyo alama ambayo daktari humwuliza mzazi kwanza. Wenye kulijua neno hilo kutoka Pemba, Lamu, Tanga, Kigoma au popote lisemwapo Kiswahili, watuandikie, pamoja na sentensi mbili za kuonyesha linavyotumiwa.